Chai ya Mitishamba kwa Mbwa: Dawa Isiyojulikana Kipimo

Mbwa akishavuka miaka kumi, saratani huwa mojawapo ya magonjwa yanayomwandama zaidi. Madaktari wa mifugo wa Marekani hukadiria kwamba karibu nusu ya mbwa wa umri huo huipata. Upasuaji ni ghali, dawa za saratani ni ghali zaidi, na hata zikilipiwa mara nyingi humwongezea mnyama miezi, si miaka. Ndani ya pengo hilo, penye hofu na mfuko mtupu, ndipo zilipoingia chai za mitishamba. Zinauzwa zikiwa unga wa kuchemsha, matone ya kuchanganya na chakula, au vidonge vyenye picha ya mbwa anayekimbia nyasini, na kazi zinazotajwa kwenye pakiti moja zingetosha dawa kumi: kusafisha ini, kulainisha viungo, kutuliza wasiwasi, kuongeza kinga, kuzuia uvimbe. Kama mimea ina nguvu ya kutibu si jambo la kubishaniwa tena, inayo. La kuulizwa ni kama mtu anayechemsha mmea na kummiminia mbwa wake anajua kiasi cha dawa kinachoingia katika mwili ule, na kama ana njia ya kugundua kwamba kimesaidia au kimedhuru. Kwa sehemu kubwa ya chai hizi, hajui wala hana njia hiyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Essiac, chai iliyotoka Kanada. Rene Caisse, muuguzi wa mji wa Bracebridge katika jimbo la Ontario, alianza kuitumia mwaka 1922, baada ya mgonjwa mmoja kumweleza kwamba mchanganyiko huo ulitoka kwa mganga wa wenyeji wa asili wa nchi ile. Fomula inayojulikana zaidi ina mimea minne: mzizi wa Arctium lappa, majani machachu ya Rumex acetosella, gome la ndani la mti wa Ulmus rubra, na mzizi wa Rheum, mmea ambao tangu kale umetumika kama haluli. Katika miaka ya 1930 Caisse aliendesha kliniki ya wagonjwa wa saratani, na mwaka 1938 mswada wa kumruhusu atibu kwa uhuru uliangushwa katika bunge la Ontario kwa kura tatu tu. Hapo ndipo wauzaji hupenda kukomea. Hawaendelei kusema kwamba katika miaka ya 1970 kituo cha saratani cha Memorial Sloan-Kettering cha New York kiliujaribu mchanganyiko huo kwa panya na hakikuona ukipunguza uvimbe. Wala kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu Flor Essence, chai ya ukoo huohuo yenye mimea minane, ulikuta panya walioinywa wakiota uvimbe wa matiti kwa wingi kuliko wenzao. Caisse alifariki mwaka 1978. Chai yake ilivuka kutoka kwa binadamu hadi kwa mbwa, na kilichoivusha ni ushuhuda wa wenye mbwa.

Ukisoma kwa makini sifa za chai kama hii, utakuta madai mawili yamekaa pamoja kwa amani ingawa hayapatani. La kwanza ni kwamba mmea una nguvu ya kupambana na ugonjwa mzito. La pili ni kwamba ni kitu cha asili, kwa hiyo hakiwezi kudhuru. Mtu anaweza kushika moja kati ya hayo. Yote mawili kwa pamoja hayawezekani. Kitu kinachobadilisha mwenendo wa seli za saratani, au kinacholazimisha ini lifanye kazi kuliko kawaida yake, hakiwezi kuchagua kugusa tu sehemu tunayoipenda. Na kama ni laini kiasi kwamba hakiwezi kumdhuru mbwa hata akinywa bakuli zima, basi hakuna sababu ya kutarajia kitamponya. Rumex acetosella ina oksaleti, na Rheum inaharisha. Kwa mtu mzima wa kilo sabini, kikombe kimoja huenda kikapita bila habari. Kwa mbwa mzee wa kilo nane ambaye figo zake zimeanza kuchoka na ambaye tayari hanywi maji ya kutosha, kuharisha kwa siku mbili si jambo dogo. Anayeamini zaidi nguvu ya mmea ndiye anayepaswa kuuogopa zaidi bila kipimo, na jambo la kushangaza ni kwamba kwa kawaida ndiye anayeuogopa kidogo zaidi.

Kipimo chenyewe kinapotea wapi? Kinapotea kwenye birika. Kiasi cha kemikali ndani ya jani hubadilika kulingana na udongo, msimu, umri wa mmea na jinsi ulivyokaushwa. Halafu huja maji: joto lake, muda wa kuchemka, na kama kemikali inayotakiwa inayeyuka katika maji hata kidogo. Historia ya artemisini, dawa ya malaria, inalieleza jambo hili kuliko nadharia yoyote, na wakulima wa Kenya na Tanzania waliowahi kuotesha Artemisia annua kwa ajili ya viwanda vya dawa za malaria watauelewa mfano huu upesi. Mmea huo ulitajwa katika maandishi ya tiba ya Kichina ya karne ya 4, lakini mwanasayansi wa China Tu Youyou na wenzake walipouchemsha maabara matokeo yaliyumba. Walipoacha kutumia moto mkali na kukamua mmea kwa etha katika joto la chini ndipo dawa ilipodhihirika, mwaka 1971. Joto la kuchemsha ndilo lililokuwa likiiharibu. Kazi hiyo ilimpatia Tu Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Shirika la Afya Duniani, linalopendekeza dawa zilizotokana na mmea huo, bado linakataa kupendekeza chai yake kwa malaria. Mmea ni uleule; kilichozitenganisha dawa na chai ni kipimo. Kama hali ni hii kwa mmea uliochunguzwa kwa nusu karne, mchanganyiko wa mimea minne au minane ndani ya pakiti isiyoandikwa kiasi cha kila mmoja uko mbali zaidi.

Kisha kuna mwili wa mbwa, na hapa ndipo desturi ya kumpa mnyama kile kinachomfaa bwana wake inapovunjika. Mbwa si mtu mdogo mwenye manyoya. Theobromini, kemikali iliyomo kwenye kakao, huchukua karibu saa 17 na nusu kupungua kwa nusu katika damu ya mbwa, wakati kwa binadamu huchukua kati ya saa 6 na 10. Ndiyo maana chokoleti inayomfurahisha mtoto inaweza kumtia mbwa degedege. Mbwa hana kabisa jeni za vimeng'enya vya N-asetilitransferasi, ambavyo mwili wa binadamu huvitumia kugeuza dawa kadhaa. Zabibu, ambazo watengenezaji wa chai za matunda hupenda kuzitia ili kuleta utamu, zinaweza kuua figo za mbwa. Zailitoli, sukari mbadala, hushusha sukari ya damu yake ghafla na kuharibu ini. Vitunguu saumu, ambavyo vitabu vingi vya tiba asili huvisifu kwa kufukuza viroboto, vilijaribiwa mwaka 2000 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido huko Japani: mbwa waliopewa maji ya vitunguu hivyo kwa siku saba walionyesha uharibifu wa chembe nyekundu za damu. Kipimo kilichotumika kilikuwa kikubwa kuliko punje moja kwenye chakula, ni kweli, lakini watafiti wenyewe walishauri mbwa wasilishwe vitunguu saumu. Hata vinywaji tunavyovihesabu kuwa vya upole havijasalimika. Kamomili na mchaichai vyote viko kwenye orodha ya mimea yenye sumu kwa mbwa inayotunzwa na shirika la ASPCA la Marekani, na shubiri pia. Kwa mchaichai madhara kwa kawaida ni tumbo kuchafuka tu. Hata hivyo, kinywaji kinachochafua tumbo hakistahili kuitwa cha kutuliza.

Chai ya kijani inahitaji kutazamwa peke yake, kwa sababu ndiyo inayosifiwa zaidi na ndiyo iliyopimwa vizuri zaidi. Mbali na kafeini, ambayo mbwa huivumilia vibaya, ina katekini, kemikali zilizowapa watafiti matumaini ya kuzuia saratani. Nchini Marekani dondoo yake safi ilipewa mbwa wa aina ya beagle kila siku wakiwa hawajala, kwa vipimo vilivyofika miligramu 1000 kwa kila kilo ya uzito. Utafiti ulipangwa uendelee kwa muda mrefu. Ulisimamishwa baada ya miezi sita na nusu kwa sababu mbwa walikuwa wakifa katika makundi yote yaliyopewa dondoo, na uchunguzi ulikuta madhara tumboni, kwenye ini na kwenye figo. Taarifa ilichapishwa mwaka 2009. Jambo la kufunza zaidi lilikuwa katika jaribio la ufuatiliaji: mbwa waliopewa dondoo ileile pamoja na chakula walikuwa na kiasi kidogo zaidi cha katekini katika damu, na madhara yakapungua. Yaani dawa moja, kipimo kimoja, mnyama wa aina moja, na tofauti kati ya kudhurika sana na kutodhurika sana ilikuwa bakuli la chakula. Hakuna pakiti ya chai inayoweza kumwambia mnunuzi jambo kama hilo kama halijatafutwa. Mtu atasema kwamba kikombe cha chai ya kijani hakikaribii kipimo cha maabara, na atakuwa sahihi. Lakini virutubisho vya mbwa vinavyouzwa kama vidonge vya dondoo si kikombe cha chai tena, na vingi huendelea kuvaa jina la chai ili vionekane vya upole.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni lile la macho: mbwa alikuwa hawezi kupanda ngazi, akapewa chai wiki tatu, sasa anapanda. Wanaolitoa si wapumbavu, na mara nyingi hawana cha kuuza. Shida ni kwamba jicho linalompenda mnyama ni chombo kibovu cha kupimia. Mwaka 2012 ulichapishwa uchambuzi wa mbwa 58 wenye ugonjwa wa viungo ambao, katika jaribio la dawa, walikuwa kwenye kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa. Miguu yao ilipimwa kwa ubao unaosoma uzito ambao mbwa anauweka kwenye kila mguu. Ubao ulisema wengi hawakubadilika. Wenye mbwa walisema wameboreka, na madaktari wa mifugo waliowatazama wakitembea walidanganyika vilevile mara nyingi. Hapa mbwa hakuwa na imani yoyote katika kidonge. Imani ilikuwa ya binadamu, na ndiyo iliyoona nafuu. Ongeza juu ya hilo tabia ya magonjwa ya viungo na ya ngozi kupanda na kushuka yenyewe: watu huanza chai wakati hali iko mbaya kabisa, na baada ya hapo, kwa chai au bila chai, mara nyingi huja siku nafuu.

Hata wanasayansi hujikwaa hapo wanapokuwa na wanyama wachache. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilitoa matokeo ya mbwa 15 wenye saratani ya mishipa ya damu iliyoshika bandama, ugonjwa unaoua upesi, waliopewa kemikali ya uyoga wa Coriolus versicolor. Waliopata kipimo cha juu waliishi siku 199 kwa wastani wa katikati, wakati kumbukumbu za awali hazikuwahi kuvuka siku 86 kwa mbwa wasiopewa tiba nyingine baada ya upasuaji. Habari ikaenea, na virutubisho vya uyoga kwa mbwa vikawa biashara. Kisha likaja jaribio kubwa zaidi, la mbwa 101, lililochapishwa mwaka 2022, ambalo liliwagawa kwa bahati nasibu na kuulinganisha uyoga na doksorubisini, dawa ya kawaida ya ugonjwa huo. Uyoga haukuongeza maisha kuliko tiba hiyo, na majike waliopewa uyoga peke yake waliishi muda mfupi zaidi. Wale waliosema kwamba vyuo vikuu havitaki kujaribu mitishamba kwa sababu haina faida ya hati miliki wangepaswa kulitazama jaribio hili mara mbili. Lilifanyika, kwa uaminifu, na watu waliokuwa na kila sababu ya kutamani matokeo ya kwanza yawe kweli.

Wapo wanaoiacha sayansi kando na kuwategemea wanyama wenyewe: mbwa akiumwa hula nyasi, kwa hiyo anajua dawa yake. Benjamin Hart wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis aliuliza zaidi ya wenye mbwa 1,500 kuhusu jambo hili. Ilionekana kwamba kula nyasi ni kawaida kwa mbwa wazima, chini ya mmoja kati ya kumi huonekana mgonjwa kabla ya kula, na takriban mmoja kati ya watano hutapika baadaye. Ni tabia ya ukoo wake wa mbwamwitu. Hoja ya mapokeo ni nzito zaidi na inastahili heshima. Wafugaji wa Afrika Mashariki wana elimu kubwa ya mimea ya mifugo, na sehemu yake imethibitika. Lakini elimu hiyo ilijengwa juu ya ng'ombe, mbuzi, ngamia na kondoo, wanyama wacheuaji ambao tumbo lao lenye vyumba kadhaa huvunja kemikali nyingi kabla hazijafika kwenye damu. Mbwa, ambaye katika nyumba nyingi alikuwa mlinzi aliyeishi kwa makombo, hakuchunguzwa kwa umakini huo. Kuoshwa kwa maji ya mwarobaini ili kupunguza kupe ni jambo moja. Kunyweshwa maji hayo ni jambo jingine, na hata anapooshwa inafaa kukumbuka kwamba atajilamba.

Isifikiriwe kwamba mitishamba haina nafasi kwa mbwa. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwapa mbwa uyoga wa Amanita phalloides, unaoua ini, kisha wakawatibu baadhi kwa silibini, kemikali itokayo kwenye mbegu za mmea wa Silybum marianum. Miongoni mwa wasiotibiwa baadhi walikufa kwa ini kushindwa, waliotibiwa walipona. Leo madaktari wa mifugo huagiza dondoo ya mmea huo kwa magonjwa kadhaa ya ini. Ila silibini ile ilitiwa kwenye mshipa, kwa miligramu zilizohesabiwa, katika saa zilizojulikana. Kemikali hiyo haiyeyuki vizuri katika maji, hivyo mbegu zilezile zikichemshwa hutoa kinywaji hafifu. Mmea huu, kama Artemisia, ulikuwa dawa ya kweli pale ulipotoka kwenye birika na kuingia kwenye mizani.

Pingamizi la mwisho ni la fedha, na sioni jibu jepesi kwake. Katika sehemu nyingi za Kenya na Tanzania daktari wa mifugo anayeweza kumpiga mbwa picha ya eksirei au kumpima damu anapatikana mjini tu, na gharama yake inashindana na karo ya shule. Kumlaumu mtu anayechemsha majani kwa sababu hana kingine ni ukatili. Lakini tazama magonjwa yanayoua mbwa wengi huku kwetu. Parvo huua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuharisha damu; bila tiba wengi mno hufa, na wakitundikiwa maji mapema wengi hupona. Kumnywesha chai mtoto wa mbwa asiyeweza kushika hata maji tumboni ni kumpotezea saa alizokuwa nazo. Homa zinazoletwa na kupe, kama erlikia na babesia, zina dawa zinazojulikana, na doksisaiklini inayotibu erlikia ni miongoni mwa dawa za bei nafuu zaidi kwenye maduka ya dawa za mifugo, ingawa kipimo chake lazima kitoke kwa mtaalamu. Chanjo ya parvo na ya kichaa cha mbwa ni rahisi kuliko yote. Kwa mtu mwenye fedha kidogo, fedha hizo zikielekezwa kwenye kirutubisho cha kuagiza kutoka nje kabla ya chanjo, zimepotea. Umaskini ni sababu ya kuchagua kwa ukali zaidi.

Wala sheria haitamwokoa mnunuzi. Marekani, zinakotoka nyingi ya bidhaa hizi, ilipitisha mwaka 1994 sheria ya virutubisho vya binadamu, na mwaka 1996 mamlaka yake ya chakula na dawa ikatangaza kwamba sheria hiyo haiwahusu wanyama. Kwa hiyo kirutubisho cha mbwa huko ama ni chakula ama ni dawa isiyosajiliwa, na kwa vitendo wauzaji huishi katikati, wakitumia maneno kama “husaidia” na “huimarisha” ambayo hayaahidi kitu cha kushtakiwa. Bidhaa inayofika Nairobi au Dar es Salaam kwa mzigo wa posta haibebi dhamana yoyote kwa sababu tu imeandikwa kwa Kiingereza kizuri. Nchini Tanzania dawa za mifugo ziko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na Kenya ina kurugenzi yake ya dawa za mifugo. Mnunuzi anayo haki ya kuuliza namba ya usajili, na muuzaji asiyekuwa nayo ameshajibu.

Mwenye mbwa ambaye hata baada ya haya yote anataka kujaribu, na ajaribu kwa mmea mmoja, si mchanganyiko. Ajue uzito wa mbwa wake kwa kilo. Amtajie daktari kila jani na kila kidonge, hasa ikiwa mbwa anatumia dawa ya kifafa, ya moyo au ya maumivu, kwa sababu mimea huingilia dawa hizo bila kutoa taarifa. Amchukue mbwa video akitembea kabla na baada, kisha amwonyeshe mtu asiyejua ipi ni ya lini. Asimpe kabisa chai yenye kafeini, zabibu, vitunguu au zailitoli. Mbwa akitapika, akiharisha, akikataa chakula au fizi zikipauka, asimamishe siku hiyohiyo na ampeleke kwa daktari akiwa na pakiti mkononi.